Tangi la furu: LED au tyubu?

Mtu anayetaka kuweka tangi la samaki la kioo sebuleni au kwenye mapokezi ya gesti yake, awe Katoro, Geita mjini, Kahama au Shinyanga, siku hizi huanzia kwenye video. Humo anaona matumbawe ya bahari yakimetameta zambarau na kijani chini ya taa ya bluu, na anasikia watu wa Ulaya na Marekani wakibishana iwapo taa hiyo iwe ya LED au ya tyubu. Kesho yake yuko dukani anaulizia “taa ya bluu ya samaki”. Swali lake ni halali kabisa. Tatizo ni kwamba majibu aliyoyasikia yanahusu bahari, naye anaishi jirani na ziwa, na maji haya mawili hayana mwanga wa aina moja.

Matumbawe tuyamalize haraka. Tumbawe ni mnyama, na ndani ya nyama yake vinaishi vijimwani visivyoonekana kwa macho, ambavyo hutengeneza chakula kwa mwanga na kumgawia mwenyeji wao. Kwa hiyo kwenye tangi la matumbawe taa ni chakula. Nguvu yake ikipungua au rangi yake ikibadilika, mnyama anapauka, anadhoofu, anakufa. Anahitaji pia maji ya chumvi iliyopimwa, joto lisilopanda wala kushuka, na pampu isiyozimika usiku wala mchana. Geita iko zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka pwani, na umeme wetu mnaujua. Juu ya hayo, matumbawe magumu yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo hayavuki mpaka bila kibali, na yale ya Chumbe na Mafia, yaliyolindwa tangu 1994 na 1995, si ya kung'oa. Mwenye hamu nayo apande basi, kisha boti, akayaone yaliko.

Samaki wa kuweka ni furu. Najua wengi mtacheka, maana huku kwetu furu ni chambo cha sangara, au ni kitoweo cha siku ambayo hakuna kitoweo. Lakini Ziwa Victoria lilikuwa na jamii za furu zinazokadiriwa kufikia 500, na nyingi kati ya hizo hazipatikani popote pengine duniani. Sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na kuongezeka ghafla miaka ya 1980, alifagia sehemu kubwa yao. Waliosalimika vizuri zaidi ni wale wa mawe, ambao Wasukuma huwaita mbipi. Miongoni mwao yuko mmoja aliyepewa jina la Mwalimu mwaka 1985. Wanasayansi humwita Pundamilia nyererei, na wafugaji wa samaki wa Ulaya humwita nyererei tu. Dume lake likiwa limetulia kwenye eneo lake lina mgongo mwekundu kama pilipili iliyoiva, mbavu za njano na mistari myeusi ya kusimama. Ndugu yake, Pundamilia pundamilia, ana mistari ileile, ila rangi yake ni ya kijivu inayoingia bluu. Majike ya jamii zote mbili ni ya hudhurungi na hayana makuu. Ukiyachanganya, wewe mwenyewe utahangaika kuyatenganisha.

Hapo ndipo suala la taa linapoanza kuwa tamu. Kwenye bahari safi, maji humeza mwanga mwekundu kwanza, na kinachofika chini ni bluu. Ndiyo maana matumbawe hupewa taa ya bluu. Kwenye ziwa letu mambo yamegeuka. Maji yana tope, mabaki ya mimea na vijimwani, na hivyo ndivyo humeza bluu mapema. Ukishuka mita chache tu, mwanga uliobaki unaelekea njano, kisha wekundu. Pundamilia pundamilia anakaa juu juu kwenye mawe, ambako bluu bado ipo, na nyererei anakaa chini kidogo, penye mwanga hafifu wenye wekundu. Utafiti uliotoka kwenye jarida la Nature mwaka 2008, uliofanywa kwa samaki wa visiwa vya upande wa Mwanza, ulionyesha kwamba hata macho yao yametofautiana kufuatana na kina. Yule wa chini ana jicho linaloona wekundu vizuri zaidi, na ndio hao hao ambao majike yao huchagua dume jekundu.

Watafiti hao, wakiongozwa na Ole Seehausen, walikuwa wameshafanya jambo jingine linalomhusu moja kwa moja mwenye tangi, nalo likachapishwa kwenye jarida la Science mwaka 1997. Chini ya mwanga mweupe kamili, jike la kila jamii lilichagua dume la jamii yake. Chini ya mwanga ambao ulificha tofauti ya rangi, uchaguzi huo uliyeyuka. Ziwani kwenyewe, mahali ambapo maji yamechafuka sana kwa udongo wa mashamba na maji machafu ya miji, jamii hizi zinaingiliana mpaka huwezi kusema huyu ni nani. Baadaye watafiti wakalea furu wa jamii zote mbili katika mwanga wa aina mbili, wakakuta wanaolelewa kwenye mwanga usio wa kina chao wanakufa zaidi. Kwa hiyo mtu akikuambia furu hawajali taa, mwambie asome.

Tukija dukani sasa, tyubu na LED zote mbili zinaweza kutoa mwanga mzuri, na zote mbili zinaweza kutoa mwanga mbovu. Maandishi ya kutazama kwenye boksi ni mawili. La kwanza ni namba yenye herufi K. Balbu nyingi zinazouzwa kwenye maduka yetu ni 6500K, mwanga mweupe unaovutia kwenye ubluu, na zile za video za matumbawe zinafika 10,000K na kuendelea. Kwa nyererei tafuta 4000K, au 5000K ukikosa. La pili ni CRI au Ra, kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa ukweli. 80 ni ya kuridhisha, 90 ni nzuri. Taa nyingi za bei rahisi hazikuandikwa kitu hapo, na kutokuandikwa nako ni jibu.

Kwa kuwa maboksi hudanganya, beba nyanya iliyoiva. Mwombe muuzaji awashe taa, weka nyanya karibu, kisha weka kiganja chako pembeni. Taa nzuri inaonyesha nyanya nyekundu na kiganja chenye damu. Chini ya taa mbovu nyanya inageuka kahawia na mkono unakuwa kama wa mgonjwa. Halafu washa kamera ya simu na uielekeze kwenye taa. Ukiona mistari myeusi inatembea kwenye kioo cha simu, taa hiyo inapepesa haraka kuliko jicho linavyoweza kuona. Tyubu ya choki ya zamani hupepesa hivyo mara 100 kwa sekunde, na LED za bei ya chini pia. Muuzaji atakutazama kwa mshangao, lakini hela ni yako.

Kwenye umeme hakuna ubishi. Chukua tangi la urefu wa futi nne. Tyubu mbili za wati 36, ukijumlisha umeme unaoliwa na choki, zinakaribia wati 90. Ukiziwasha saa nane kwa siku, mwezi ukiisha zimekula uniti 21 na ushei. Tyubu mbili za LED za wati 18 kila moja zinakula uniti zisizofika tisa, na kusema kweli tangi la furu lisilo na mimea linatosheka na moja tu, uniti nne na kitu. Wateja wadogo wa majumbani walio kwenye kundi la D1 la TANESCO wana kikomo cha uniti 75 kwa mwezi. Tyubu za samaki peke yake zitachukua zaidi ya robo ya kikomo hicho, na ukikivuka mara kwa mara unahamishiwa kwenye bei ya juu. Hapo umelipia taa ya samaki kwa kupandisha bei ya pasi, friji na televisheni.

Tyubu huzeeka kimyakimya. Inaendelea kuwaka wakati rangi yake imeshabadilika na nguvu imepungua, ndiyo sababu wafugaji wa matumbawe huibadilisha kila baada ya mwaka hivi. LED nzuri inafika saa 25,000 na zaidi. Mbovu inaweza kufa ndani ya miezi mitatu, na mara nyingi kinachokufa si ile chembe inayotoa mwanga. Kinachoungua ni saketi ndogo inayoilisha, ambayo imetengenezwa kwa vipuri hafifu na haivumilii umeme wetu wa kupanda na kushuka. Kwenye machimbo, mota za makarasha ya kusaga mawe zikiwashwa jioni, taa za mtaa mzima zinainama. Tyubu ya stata umeme ukishuka hivyo hubaki inapepesa bila kuwaka, na samaki wanahangaika nayo. LED iliyoandikwa 85–265V inapita humo bila kujua. Tafuta hiyo namba.

Lakini sababu yangu kubwa ya kupendelea LED Kanda ya Ziwa ni betri. LED inaweza kuwa ya volti 12, na vifaa vya volti 12 huku vimejaa. Wavuvi wa dagaa kwenye mialo ya Nkome na Chato wameacha karabai kwa wingi na kuhamia LED za betri na sola, kwa hiyo balbu, waya, betri na mafundi wake wanapatikana hata kwenye sehemu ambazo huwezi kupata stata ya tyubu. (Zile taa za dagaa zenyewe usizitumie. Zimetengenezwa kuita dagaa kutoka mbali usiku wa giza, na kwenye tangi zitampofusha furu.) Taa ya utepe ya volti 12, iliyoandikwa IP65 au IP67 kuonyesha kwamba haiingizi maji, ukiibandika kwenye mfuniko na kuiunganisha na betri ileile inayoendesha pampu ya hewa, umeme ukikatika hakuna kinachobadilika. Nikisema ukweli wote, kama hela inatosha betri moja tu, betri hiyo ni ya pampu. Furu anaweza kukaa gizani siku mbili bila neno. Bila hewa, kwenye tangi lililojaa, anaweza asifike asubuhi.

Volti 12 inaokoa pia roho ya mtu. Tangi ni maji, na taa iko sentimita chache juu yake. Tyubu ya zamani na LED nyingi za bei rahisi zina umeme wa volti 230 kwenye sehemu zilizo wazi au zilizofunikwa na plastiki nyembamba, na mvuke wa tangi unaingia humo taratibu. Kama lazima utumie taa ya volti 230, fundi aweke breka inayokata umeme unapovuja, waya ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia ili tone likiteremka lidondoke sakafuni, na kila unapoingiza mkono kwenye maji chomoa kwanza. Kuzima swichi hakutoshi, kwa sababu si nyumba zote swichi imefungwa kwenye waya ulio sahihi.

Halafu kuna zebaki, na hapa watu wa Geita hawahitaji kufundishwa zebaki ni nini. Rwamagasa ilikuwa moja ya maeneo yaliyochaguliwa kwenye mradi wa kimataifa wa kupunguza zebaki kwa wachimbaji wadogo, ulioanza mwaka 2002. Wasichokijua wengi ni kwamba kila tyubu, na kila ile balbu ya kujipinda tunayoiita enaji seva, inawaka kwa mvuke wa zebaki. Kiasi chake ni miligramu chache. Ukiweka hizo kando ya zebaki ya kukamatia dhahabu, ambayo mara nyingi huzidi gramu moja kwa kila gramu ya dhahabu, tyubu ni mzaha, na sitaki kumtisha mtu. Ila tyubu ya samaki iko ndani ya nyumba, mahali watoto wanapokuja kushika kioo, na iko juu ya maji.

Ikivunjika chumbani, toa watu, fungua madirisha, subiri robo saa. Usifagie, maana ufagio unaitawanya. Kusanya vipande kwa karatasi ngumu, vumbi lake ulinase kwa utepe wenye gundi, weka vyote kwenye chupa yenye mfuniko. Ikivunjikia ndani ya tangi, hamisha samaki, mwaga maji yote mahali pasipo na kisima, osha mawe, anza upya. Na samaki hao wasiliwe.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020. Mwaka 2022 wanachama wa mkataba huo walikubaliana kwamba enaji seva za kawaida zisitengenezwe wala kuingizwa nchini baada ya 2025, na mwaka 2023 wakakubaliana tyubu nazo zifikie kikomo ifikapo 2027. Msukumo mkubwa wa hatua hiyo ulitoka kwa nchi za Afrika, zilizochoka kuwa jaa la taa ambazo wengine wameziacha. Kwa mnunuzi maana yake ni rahisi. Ukinunua leo mfuniko wa tangi wenye tyubu za T5, unanunua kifaa ambacho taa zake zitakuwa ngumu kupatikana na ghali. Muuzaji anayekupunguzia bei sana anajua anachokifanya.

Mwenye tangi lenye tyubu tayari asilitupe. Kama fremu ni ya choki ya zamani, nzito, yenye stata ya duara, tyubu nyingi za LED za urefu uleule zinaingia humo baada ya kutoa stata na kuweka ile bandia inayokuja kwenye boksi. Kama fremu ni ya choki ya kielektroniki, nyepesi, isiyo na stata, mwite fundi aiondoe choki na kupeleka umeme moja kwa moja kwenye LED, kwa kufuata mchoro ulio kwenye boksi, kwa sababu nyingine hupokea umeme upande mmoja na nyingine pande zote mbili. Tyubu zako zikiwa bado mpya, zitumie mpaka zichoke. Kuvunja kitu kizima ili ununue kipya ni hasara, hata kama kipya ni bora.

Saa za kuwasha zisizidi nane au tisa. Mwanga mwingi unaleta ukungu wa kijani kwenye kioo, na ingawa mbipi wengine wanakwangua mwani kwenye mawe, hawatamaliza kazi ya taa iliyowaka tangu alfajiri hadi baa ifungwe. Washa taa ya chumba kwanza, kisha ya tangi, wasishtuke. Jike la furu hutunza mayai na vifaranga mdomoni kwa wiki mbili hadi tatu bila kula, na likishtushwa vibaya linaweza kuwatema. LED yenye kipunguza mwanga inafaa sana hapo, tena unaweza kuiacha kwenye nusu ya nguvu kwa saa zote hizo, ambayo kwa nyererei ndiyo hali ya nyumbani kwao.

Kuhusu maji, wakazi wa Shinyanga na Kahama wana bahati wasiyoijua. Tangu 2009 bomba la mamlaka ya maji ya KASHWASA linawaletea maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele, kwa hiyo furu wao anaogelea kwenye maji ya kwao. Yametiwa klorini tu, basi yaache kwenye ndoo wazi siku nzima huku pampu ya hewa ikiyachemua. Wa vijiji vya machimbo wakae mbali na maji ya mashimo na ya vijito vilivyo chini ya plenti za sayanidi. Mchanga wa marudio, yaani mabaki ya kuchenjulia dhahabu, usiwekwe chini ya tangi hata kama unang'aa vizuri, na magwangala, yale mawe taka ya mgodi, yasitumike kama mawe ya mapambo, kwani yanaweza kuwa na salfaidi ambazo taratibu hugeuza maji kuwa ya asidi. Mawe ya kawaida ya vilima vya Usukuma, yaliyosuguliwa na kuchemshwa, yanatosha na ni ya bure.

Weka dume moja na majike manne au zaidi, na jamii moja tu kwa tangi. Kabla ya kupata furu hai, pita kwa ofisa uvuvi wa halmashauri umuulize utaratibu, na ukiwachoka usiwamwage ziwani wala kwenye bwawa la mtu. Tyubu zako zilizokufa zihifadhi nzima kwenye maboksi yake, mbali na moto wa taka, mpaka ofisa mazingira akuelekeze pa kuzipeleka. Wapo watu wanaozitumbukiza kwenye mashimo yaliyoachwa, na mvua ikinyesha maji ya mashimo hayo hayabaki humo.